Dawa za kurudishia enameli, mswaki wa umeme, betri na vihariri vya msimbo: kipi kinamfaa anayekesha kwenye kompyuta

Anayeandika programu kwa riziki huharibu meno kwa namna yake. Hanywi soda nyingi kuliko watu wengine, ila chupa moja huinywa kwa saa nne. Anapiga funda, anarudi kwenye hitilafu inayomsumbua, anapiga funda jingine, na muda wote huo mate hayapati nafasi ya kuituliza asidi mdomoni. Ndivyo nilivyofika kwa daktari wa meno hapa Arusha, meno ya mbele yakitiwa ganzi na maji ya friji, ncha zake zimekonda hadi mwanga unapenya.

Tangu hapo nimepita kwenye karibu kila aina ya dawa ya meno inayodai kurudisha enameli, na nimezichambua kwa makini yaleyale ninayoyatumia kuchagua programu za kazi na vifaa vya mezani. Nayaweka yote pamoja hapa kwa kuwa mfuko ni mmoja. Tyubu ya bei ghali inashindana na betri ya ruta, na betri inashindana na RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ya kuongeza kwenye laptopu.

Kinachorudi na kisichorudi

Kabla ya kulinganisha tyubu, lazima tuelewane kuhusu neno hili "kurudisha". Enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake, na madini hayo ni aina ya kalsiamu fosfati iitwayo haidroksiapatiti. Seli zilizoitengeneza hufa jino linapotokeza kwenye fizi. Kwa hiyo enameli iliyokwisha kulika hadi jino likapungua kimo haioti tena, na tundu lililokwisha kutoboka halizibwi na dawa yoyote ya kupaka. Hapo ni kazi ya daktari.

Kinachoweza kurudi ni madini yaliyotoka kwenye enameli iliyolainika lakini bado ipo. Asidi hupimwa kwa pH, na namba ikishuka asidi imekuwa kali zaidi. Mdomo ukifika pH ya karibu 5.5 kushuka chini, kalsiamu na fosfati huanza kuyeyuka kutoka kwenye jino. Soda za kola zina pH ya karibu 2.5. Juisi ya ukwaju na ya ndimu nazo zimo humohumo, ijapokuwa tunaziona vinywaji vya afya. Asidi ikiisha, mate hurudisha kalsiamu na fosfati polepole. Dawa zote nitakazozitaja zinafanya moja kati ya haya: kuharakisha urejeshaji huo, kulifanya tabaka jipya kuwa gumu zaidi kuliko la kwanza, au kuziba vijitundu vinavyopeleka baridi kwenye neva. Kazi hizi tatu ni tofauti, na maandishi ya kwenye boksi huzichanganya.

Floraidi: ya kawaida, na bado ndiyo ya kwanza

Floraidi ikiwapo mdomoni wakati madini yanarudi, huingia kwenye muundo wa enameli na kutengeneza madini yanayovumilia asidi zaidi: badala ya kuanza kuyeyuka kwenye pH 5.5, yanastahimili hadi karibu 4.5. Kwa mtu anayekunywa kahawa ya pH 5 mchana kutwa, tofauti hiyo ni kubwa. Dhidi ya kola ya 2.5 haitoshi peke yake, na ndiyo sababu hakuna dawa inayomruhusu mtu kuendelea kunyonya soda usiku kucha.

Geuza tyubu usome, iwe Colgate, iwe Whitedent ya Dar es Salaam, iwe nyingine yoyote. Tafuta kiasi cha floraidi kwa kipimo cha ppm, yaani sehemu kwa milioni. Kwa mtu mzima kiwango chenye ushahidi mzuri ni kati ya 1,000 na 1,500, na nyingi nzuri zimeandikwa 1,450. Zipo za 5,000 ambazo daktari huandika kwa wenye meno yanayooza kwa kasi. Hizo si za kujinunulia.

Kisha angalia ni floraidi ya aina gani, maana hapa ndipo watu wengi hupita bila kutazama. Dawa za bei nafuu hutumia chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, kusugulia. Chokaa ikikutana na sodiamu floraidi ya kawaida huikamata kabla haijafika kwenye jino, kwa hiyo watengenezaji hutumia sodiamu monofluorofosfeti, ambayo inavumilia kukaa na chokaa. Mchanganyiko huo unafanya kazi. Udhaifu wake ni kwamba sehemu ya floraidi hupungua nguvu kadiri tyubu inavyokaa, hasa kwenye joto. Tyubu iliyokaa mwaka mzima kwenye kibanda chenye bati juu si sawa na iliyotoka ghalani juzi. Mimi huangalia tarehe ya kutengenezwa kabla ya bei. Dawa zinazotumia silika badala ya chokaa huweza kubeba sodiamu floraidi moja kwa moja bila tatizo hilo, ila ni ghali kidogo.

Aina ya tatu ni floraidi ya bati, yaani stanasi floraidi. Ndiyo iliyokuwa ndani ya Crest ilipoingia sokoni Marekani katikati ya miaka ya 1950, baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana. Madini ya bati hutengeneza utando juu ya enameli unaopunguza ulikaji wa asidi, hupambana na bakteria wa fizi, na huziba vijitundu vya dentini, tabaka lililo chini ya enameli. Kwa mtu ambaye shida yake ni soda na ndimu kuliko sukari inayoozesha, hii ndiyo aina ninayoiweka mbele. Ladha yake ina ukali wa chuma, na kwa baadhi ya watu huacha madoa ya juujuu ambayo daktari huyasafisha. Mimi nimeizoea na ndiyo niliyobaki nayo kwa usiku.

NovaMin, au kioo kinachoyeyuka

Hii ndiyo iliyonivutia kuliko zote kwa sababu ya historia yake. Mwaka 1969, Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida alitengeneza kioo ambacho mwili haukikatai na mfupa hushikana nacho. Kioo hicho kikisagwa hadi unga laini sana na kutiwa kwenye dawa ya meno, kinapokutana na mate huachia kalsiamu na fosfati, na mabaki yake hujipanga juu ya dentini na kuziba vijitundu. Jina lake la kibiashara ni NovaMin, na la kikemia kwenye maandishi ya nyuma ni calcium sodium phosphosilicate. GlaxoSmithKline waliinunua teknolojia hiyo mwaka 2009 na kuitia kwenye Sensodyne Repair & Protect.

Hapa kuna mtego wa kuujua. Jina lile la mbele halikuhakikishii kilichomo. Sensodyne Repair & Protect inayouzwa Marekani ina stanasi floraidi na haina NovaMin kabisa, huku katika nchi nyingine nyingi imeuzwa ikiwa nayo. Anayeagiza kupitia ndugu aliyeko Marekani akidhani ataletewa NovaMin atapata dawa nzuri, lakini nyingine. Soma orodha ya vilivyomo, usisome jina. Alama moja ya kusaidia: dawa yenye NovaMin haina maji, hutengenezwa kwa gliserini, kwa sababu kioo kile kingeanza kuyeyuka ndani ya tyubu. Ukiipaka unaihisi nzito na yenye joto kidogo ulimini.

Kwa ganzi ya meno, nilihisi nafuu kubwa nayo. Kwa kurudisha madini ya enameli yenyewe, ushahidi wake si mpana kama wa floraidi, na ndiyo maana huwa naitafuta ile yenye vyote viwili. Bei yake ni mara kadhaa ya tyubu ya kawaida, kwa hiyo nikiwa na tyubu moja naitumia jioni tu na kuachia ya kawaida zamu ya asubuhi.

Haidroksiapatiti

Wajapani ndio walioanza. Kampuni ya Sangi iliuza dawa ya meno ya kwanza yenye haidroksiapatiti mwaka 1980, na mwaka 1993 serikali ya Japani ikaikubali kama kiungo cha kuzuia meno kuoza. Wazo lake ni la moja kwa moja: kama jino limepungukiwa madini fulani, lipelekee madini yaleyale yakiwa katika chembe ndogo sana ili yajaze mikwaruzo na maeneo yaliyolainika. Meno baada ya kuyapiga nayo mswaki huwa laini kwa ulimi kwa namna ambayo floraidi haitoi. Ukiimeza ni salama zaidi, na kwa mtoto anayekula dawa ya meno hiyo si faida ndogo.

Yapo majaribio ya kliniki yanayoonyesha inakaribiana na floraidi katika kuzuia meno kuoza. Lakini ni machache ukiyaweka karibu na miongo ya utafiti wa floraidi, na baadhi yalidhaminiwa na watengenezaji wenyewe. Tena haifanyi jino livumilie asidi zaidi ya lilivyozaliwa. Inarudisha kilekile kinachoyeyuka kwenye pH 5.5. Kuhusu usalama wa chembe ndogo, kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2023 kwamba haidroksiapatiti ya aina hiyo, isiyo na umbo la sindano, ni salama kwenye dawa ya meno hadi asilimia 10. Ukinunua, tafuta inayosema ina asilimia ngapi. Nyingi hazisemi, na hizo sizigusi.

Kwa Afrika Mashariki kikwazo ni upatikanaji. Sehemu kubwa lazima iagizwe, na dawa ya meno inayokuja mara moja kwa miezi kadhaa si dawa ya meno, maana kazi hii yote inategemea kupiga mswaki mara mbili kila siku bila kukosa.

Maji ya Arusha yanabadilisha hesabu, ila si kama wengi wanavyodhani

Wenzangu wengi huku, na wa Nakuru na Naivasha upande wa Kenya, huniambia hawataki kuisikia floraidi. Nawaelewa. Tumekulia kwenye maji yanayopita kwenye miamba na majivu ya volkano, tumeona kaka na dada zetu wenye meno ya kahawia, na magadi ya kuivishia makande yanaongeza floraidi juu ya ile ya maji. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinakivuka mbali.

Lakini rangi ile ya kahawia hutengenezwa jino likiwa bado linaumbwa ndani ya taya, hasa kabla ya mtoto kufika karibu miaka minane. Mtu mzima aliyekwisha kuota meno yote hawezi kuipata kwa dawa ya meno anayoitema. Kwa hiyo kwa mtu mzima wa Arusha, floraidi ya kwenye mswaki bado ni chaguo zuri. Kwa watoto ni habari nyingine: chini ya miaka mitatu dawa isizidi punje ya mchele, kati ya mitatu na sita isizidi ukubwa wa punje ya njegere, na mzazi asimame pale kuhakikisha mtoto anatema. Mtoto asiyejua kutema na anayekunywa maji ya kisima chenye floraidi nyingi, huyo ndiye ningemfikiria kwanza kwa haidroksiapatiti, baada ya kuzungumza na daktari wa meno.

Na meno yaliyokwisha kuwa ya kahawia? Hakuna tyubu inayoyaondoa. Rangi imo ndani ya enameli, haiko juu. Dawa za mkaa zinazouzwa kwa ahadi ya meno meupe zinasugua kwa ukali na nyingi hazina floraidi. Mwenye enameli iliyokonda anajimalizia kilichobaki. Ofisi ya daktari wa meno ina njia zake, za kusugua kidogo kwa asidi maalumu au kufunika jino.

Kuna jambo ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Meru, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floraidi kwenye maji kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na Jimbo Katoliki la Nakuru nalo limefanya vivyo hivyo. Mfupa umejengwa kwa haidroksiapatiti, na haidroksiapatiti huivuta floraidi na kuishika. Kemia ileile inayoisaidia dawa ya meno kushika jino ndiyo inayosafisha maji ya kijiji.

Nyingine kwa ufupi

Potasiamu naitreti haitengenezi enameli. Inatuliza neva, na huchukua wiki kadhaa kabla hujaihisi. Ajinini pamoja na chokaa, ile teknolojia ya Colgate ya Pro-Argin, huziba vijitundu haraka na unaweza kuipaka kwa kidole kwenye jino linalouma. Krimu za protini ya maziwa, zilizotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, hupeleka kalsiamu na fosfati baada ya mswaki na ni nzuri kwa wenye vibandiko vya kunyooshea meno, lakini asiziguse mwenye mzio wa maziwa.

Namna ya kutumia ina uzito kuliko tofauti ya tyubu mbili nzuri. Ukimaliza kupiga mswaki, tema, usisukutue kwa maji. Ukisukutua umeitupa dawa uliyoinunua. Usipige mswaki mara tu baada ya soda au ndimu, ngoja angalau nusu saa ili mate yafanye kazi na enameli iliyolainika isikwanguliwe. Na mswaki wa usiku ndio wa mwisho: baada yake ni maji matupu, hata kama msimbo haujakubali.

Mswaki wa umeme dhidi ya wa mkono

Uchambuzi wa mwaka 2014 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio mengi, ulikuta kwamba miswaki ya umeme ilipunguza utando wa bakteria kwa asilimia 21 zaidi ya ya mkono baada ya miezi mitatu, na uvimbe wa fizi kwa asilimia 11. Ni faida ya kweli, si ya ajabu. Kwa enameli iliyokonda, mimi naona faida kubwa iko kwenye vitu viwili vidogo: kipima muda cha dakika mbili na kihisi kinachowaka ukikandamiza mno. Sisi watu wa kukaa tunawaza kazi huku tunasugua, na mkono wenye mawazo husugua kwa nguvu.

Kati ya wa kichwa cha mviringo kinachozunguka, kama Oral-B, na wa mtetemo, kama Philips Sonicare, tofauti ya matokeo ni ndogo. Chagua kwa vichwa vya kubadilisha: vinapatikana mjini kwako au huvipati? Kichwa hudumu miezi mitatu hivi, na mswaki usio na kichwa kipya ni pambo la bafuni. Pia tazama volti za chaja. Nyingi zinazotoka Marekani ni za volti 110, na umeme wetu ni 230. Anayeona yote haya ni usumbufu anunue mswaki laini wa mkono na atumie saa ya simu. Hajapoteza kikubwa.

Umeme: UPS, betri ya ruta, au pawabenki

Tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu nzima iliingia gizani, na Tanzania ilikuwa na mgao kuanzia mwishoni mwa mwaka huo hadi mitambo ya bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuzalisha mwaka 2024. Kwa anayefanya kazi za mbali, swali ni la kila wiki: umeme ukikatika, nini kibaki hai?

Jibu langu ni ruta kwanza. Laptopu ina betri yake. Ruta ya nyumbani inakula wati 10 au pungufu, kwa volti 12, na kijibetri chake kidogo ndicho chenye faida kubwa kwa fedha ndogo. Ila usidanganyike na namba ya boksi. Kikiandikwa mAh 8,800, kipimo cha chaji ya betri, hiyo ni kwa volti 3.7 za seli za ndani, sawa na takriban wati-saa 32, yaani wati 32 kwa saa moja. Kwa ruta ya wati 10, toa upotevu, unapata saa mbili na nusu hivi. Hesabu hiyohiyo inaifanya pawabenki ya mAh 20,000 kuwa wati-saa 74: inaijaza laptopu ndogo mara moja, kama ina USB-C ya kutosha, wati 65, na laptopu yako inachajiwa kwa njia hiyo. Anayesafiri akumbuke kwamba mashirika mengi ya ndege huruhusu hadi wati-saa 100 bila kuomba ruhusa, nayo hubebwa mkononi na haiwekwi kwenye mzigo.

UPS ya kawaida ya mezani, kisanduku kinachoshikilia umeme ili kompyuta isizimike ghafla, ina betri ya madini ya risasi, mara nyingi ya volti 12 na Ah 7. Imetengenezwa kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Si kifaa cha kukufikisha asubuhi. Na betri za risasi huchukia joto: kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Dar es Salaam itaimaliza mapema kuliko Arusha. Ni ya mwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri. Mwenye laptopu haihitaji.

Ukiwa na fedha zaidi, nunua kituo cha umeme cha kubeba chenye seli za LiFePO4. Zinastahimili kuchajiwa na kuisha mara 2,000 na zaidi, wakati seli za lithiamu za kawaida huchoka baada ya mamia. Ukikutana na cha bei rahisi kisichosema aina ya seli zake, kipite.

Vihariri: VS Code, PyCharm, Neovim

Kihariri ni programu ya kuandikia msimbo. Hapa mabishano ni makali kuliko yanavyostahili, kwa hiyo nitakwenda kwenye mambo mawili tu ambayo kwetu yanaamua: RAM na intaneti.

VS Code ya Microsoft, iliyotoka 2015, imejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake kuna kivinjari kizima. Hula mamia ya megabaiti kabla hujaongeza chochote, na kila kiongezi kinaongeza. Kwenye laptopu ya GB 8 inatosha, ilimradi usiwe na vichupo 40 vya Chrome pembeni. PyCharm na wenzake wa JetBrains husoma mradi mzima na kuutengenezea faharasa, ndiyo maana wanajua jina la fungsheni yako limetumika wapi na hulibadilisha kila mahali, mara nyingi bila kukosea. Wao wenyewe wanapendekeza RAM ya GB 8 kwa kompyuta nzima. Kwa mradi mkubwa mimi ningesema 16. Neovim, tawi la Vim lililoanza 2014, hutumia makumi ya megabaiti tu, na tangu toleo la 0.5 la mwaka 2021 ina uwezo wa ndani wa kuongea na seva za lugha, yaani programu za pembeni zinazouelewa msimbo, zilezile zinazoipa VS Code akili yake. Pengo la zamani limepungua sana.

Vim yenyewe ina uhusiano na huku kwetu ambao watumiaji wengi hawaujui. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991 na kufariki Agosti 2023, aliwahi kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda. Ukiifungua Vim bila faili, skrini mara nyingi inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda, na kwa miaka mingi michango hiyo ilipitia ICCF Holland, taasisi ya hisani, hadi Kibaale. Programu ni bure.

Kuhusu intaneti, kipimo kilikuja chenyewe tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na mtandao wa Kenya, Tanzania na Uganda ukadorora. Waliokuwa na kila kitu kwenye mashine yao waliendelea: Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, hufanya kazi bila mtandao hadi wakati wa kusukuma mabadiliko, kihariri hakimhitaji mtu, na nyaraka zilizopakuliwa zinasomeka. Waliokuwa na mazingira yao yote kwenye wingu, kama GitHub Codespaces, walikuwa na kivinjari cheupe. Wasaidizi wa akili bandia walikwenda na mtandao.

Sisemi wingu halifai. Mwenye laptopu ya GB 4 na bando la uhakika anapata kwenye Codespaces mashine ambayo hawezi kuinunua. Lakini ukiwa na mtandao wa kukatikakatika na unahitaji seva ya mbali, kodisha seva ndogo yako mwenyewe na ufanyie kazi ndani ya tmux, programu inayoweka kazi yako hai upande wa seva. Muunganisho ukifa, kazi inabaki inaendelea kule, nawe ukirudi unaikuta pale ulipoiacha. Ongeza mosh, programu ya kuunganisha na seva iliyotoka MIT mwaka 2012, ambayo huvumilia mtandao wa simu unaobadilika kutoka mnara hadi mnara bila kukukata. Pamoja na Neovim upande wa seva, kinachosafiri ni maandishi matupu, na bando la siku linatosha wiki.

Kwa anayeanza leo na Python au JavaScript kwenye GB 8, ningempa VS Code, nikamwambia apakue viongezi vyake akiwa na mtandao mzuri na azuie kukua kwa orodha hiyo. Anayefanya mradi mkubwa wa Java au Kotlin, ambako kubadilisha jina moja hugusa mafaili mia, asibane senti: familia ya JetBrains inajilipa yenyewe. Neovim ningemshauri mwenye mashine dhaifu au anayeishi ndani ya seva, na nisingemshauri mtu mwenye kazi ya kukabidhi wiki ijayo. Vidole vyake vinahitaji muda wa kujifunza, na muda huo utoke kwenye kipindi cha utulivu.